Maziwa Yaliyosubiri Sauti Yangu

Darasani sauti yangu ilikuwa inaishia kooni. Mwalimu akisema, "Simama usome," nilisimama, nikashika kitabu kwa mikono miwili, maneno nikayaona vizuri, hata maana yake nikaijua, lakini mdomo ulikuwa umekauka. Wenzangu walicheka. Mwalimu, mtu wa bara mwenye huruma, aliniambia nikae, nitasoma kesho. Kesho ikawa vilevile. Nilimaliza shule ya msingi hivyo, nikarudi kwa ngamia wetu, na huko kwa ngamia sauti yangu ilifunguka.

Kwetu, upande wa Takaba, ngamia hakamuliwi kimyakimya. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili anauegemeza kwenye goti, chombo cha mti anakiweka juu ya paja, kisha anaimba. Anamwimbia ngamia kuhusu uzuri wake, kuhusu mtoto wake, kuhusu mvua. Ngamia asiposikia wimbo, au akisikia sauti asiyoijua, hufunga maziwa. Kiwele kinaonekana kimejaa na hakitoki kitu. Mimi nilikuwa naimba alfajiri, watu wakiwa bado ndani, nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ngamia. Binamu yangu, mtoto wa adeer, yaani baba yangu mdogo, alikuwa akisema, "Huyu ni redio inayoshika kwa ngamia peke yao. Ukileta mtu mbele yake, betri inakufa."

Alikuwa akisema kweli, kwa hiyo sikumjibu. Na hata angekuwa anasema uongo nisingemjibu.

Kiangazi ninachotaka kukisimulia ndicho kile ambacho baba alipelekwa Garissa kupasuliwa ngiri. Alikuwa amejiumiza kwa kuinua mitungi ya maji kwa miaka mingi, na mwishowe akashindwa hata kupanda kitandani. Adeer alimsindikiza. Wanaume wengine wa karibu walikuwa mbali na ngamia wakavu, wasio na maziwa, wakitafuta majani. Nyumbani tulibaki mimi, mama, binamu, majirani wachache, na ngamia wawili wenye mimba waliokuwa karibu kuzaa: mweupe na mwekundu.

Ili mtu aelewe mambo yaliyofuata, lazima nieleze kuhusu yule mweupe. Kwetu ukoo wa ngamia huhesabiwa kwa mama. Ngamia wetu wa kike karibu wote walitokana na ngamia mmoja aliyekuja na bibi yangu siku alipoolewa. Bibi alifariki mimi nikiwa mdogo, lakini kila tulipokunywa maziwa ya ngamia wale tulisema tunakunywa kwa bibi. Ukame wa miaka iliyopita uliwamaliza mmoja mmoja, akabaki huyu mweupe peke yake. Mwekundu hakuwa wa ukoo ule. Baba alimnunua sokoni.

Mwekundu alitangulia kuzaa, na ndama wake akatoka akiwa amekufa. Mama aliichuna ngozi ya yule ndama, akaitundika juu ya mti wa mgunga. Kwetu ngozi kama hiyo haitupwi mpaka ijulikane kama itahitajika. Siku chache baadaye mweupe naye akazaa, ndama jike, mweupe kama mama yake, masikio yamesimama. Kabla hajamaliza hata kumlamba vizuri, mweupe aliumwa na nyoka alipokuwa amelala karibu na kichaka. Mchana wa siku ile alikuwa amekufa.

Basi tukabaki na mama asiye na mtoto na mtoto asiye na mama, katika zizi moja, na yule mama hakutaka hata kumwona yule mtoto. Kila ndama alipomsogelea alimpiga teke. Mbuzi walikuwa wamekauka. Maziwa ya unga ya dukani yalimharisha ndama mpaka mkia ukamnata. Na ndama yule ndiye aliyekuwa amebaki wa ukoo wote wa ngamia wa bibi.

Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao hushika, nikampigia baba.

"Abo," aliniita. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina ambalo mtoto anamwitia yeye. Baba hukuita abo, yaani baba, mama hukuita hoyo, yaani mama. Nikiwa mdogo nilidhani ni mchezo. Sasa naona ni kama kamba iliyofungwa pande zote mbili.

"Mweupe amekufa, abo."

Nilisikia wagonjwa wengine wakiongea nyuma yake.

"Na mtoto?"

"Yuko hai. Jike."

"Alhamdulillahi. Basi mpeni mwekundu."

"Hamtaki. Na wanaume wako malishoni. Nani atamwimbia?"

"Unaniuliza mimi niliyelala Garissa na tumbo limeshonwa? Mwekundu anamjua nani?"

"Mimi."

"Basi umeshajijibu," alisema, na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa mkono wake.

Kazi ya kumpa ngamia mtoto wa mwingine tunaijua tangu zamani. Ngamia hufungwa akiwa amelala, akazibwa pua kwa vitambaa ili asinuse, na huku nyuma pia akazibwa kwa kitambaa kilichokunjwa na kufungwa barabara. Anakaa hivyo mpaka msukumo unamsumbua kama uchungu wa kuzaa. Ndama yatima hufunikwa ngozi ya yule ndama aliyekufa. Halafu kwa wakati mmoja vifungo vyote huachiwa. Ngamia anahisi kama amezaa, anageuka, anakuta mtoto mwenye harufu ya mtoto wake. Wakati huo wote kuna mtu anaimba, na watu walioshika kamba wanamwitikia. Mwimbaji ndiye nguzo ya jambo lote. Akiyumba yeye, ngamia anayumba.

Na mwimbaji lazima aimbe mbele ya watu.

Nilimwambia mama, "Hoyo, mimi siwezi. Aimbe binamu."

"Binamu yako akiimba, hata fisi wanahama," mama alisema. "Hoyo, wewe fanya. Mimi nitashika kamba upande wako."

Siku hiyo hiyo alikuja daktari wa mifugo na pikipiki yake. Alikuwa kijana wa bara, mrefu, aliyeletwa Takaba na serikali, na alikuwa amepata habari ya nyoka. Mama alimkaribisha kwa Kiswahili chake: "Daktari, kunywa chai kwanza, bole bole. Hii mtoto ya ngamia roho yake iko hapa tu," akaonyesha ncha ya kidole. Daktari hakungoja chai. Alimpima ndama, akamchanganyia maji ya chumvi na sukari ya kumzuia asikauke, akasema tuache kabisa yale maziwa ya unga.

"Hii itamshikilia kidogo," aliniambia. "Lakini bila maziwa ya ngamia, huyu hafiki mbali. Mna mpango gani?"

Mimi niliangalia viatu vyake. Binamu ndiye aliyemweleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aruhusiwe kuja kutazama.

Tuliifanya kazi ile Ijumaa, baada ya swala. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, maana Ijumaa watu hawana haraka. Mwekundu alikuwa amefungwa tangu asubuhi. Mimi nilitoka msikitini moja kwa moja, nikaichukua ngozi pale juu ya mgunga, nikaiweka begani, nikambeba ndama kifuani, nikaingia zizini, tukamvisha ndama ile ngozi. Niliona macho ya watu yote yamenigeukia. Nilianza wimbo, lakini nilichokisikia mwenyewe kilikuwa kama mlio wa mlango. Walioshika kamba hawakujua waitikie wapi. Hata hivyo vifungo vikaachiwa, mwekundu akageuka, akamnusa ndama kutoka kichwani mpaka mkiani. Nilishusha pumzi. Halafu alinguruma, akasimama, akampiga ndama teke lililomtupa kwenye ua wa miiba.

Mama alikimbia kumwokota. Alipomkumbatia, akanusa. Akainusa ngozi. Akaninusa mimi.

"Hoyo!" alisema. "Kanzu gani hii umevaa?"

Ndipo nilipoelewa. Kila Ijumaa mama hutufukizia nguo zetu kwa unsi, ule mchanganyiko wa ubani na udi na sukari unaofuka juu ya makaa. Kanzu yangu ilikuwa imefukizwa asubuhi ile, tena sana, na mimi nimebeba ngozi juu yake, na ndama kifuani. Ndama yule alikuwa ananukia kama bibi harusi.

Binamu yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi umemwoza ndama! Mwekundu anatafuta mtoto, wewe unamletea bibi arusi! Mahari iko wapi?"

Watu wote wakacheka, hata mama akacheka huku anachomoa miiba kwenye paja la ndama. Mimi nilitoka zizini na kwenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Sikulia, lakini mikono ilikuwa inatetemeka na moyo unapiga kama mtu anayefukuzwa.

Daktari alikuja akakaa karibu nami, kila mmoja akiwa na kikombe chake cha chai ya rangi.

"Mikono inatetemeka?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Unajua kwa nini?"

Nikasema, "Kwa sababu mimi ni mwoga."

"Hapana. Hilo ni jina tu, halielezi kitu." Alikunja ngumi yake, akainyoosha mbele yangu. "Chukulia huu ni ubongo. Ukiona macho ya watu, ubongo wako unapiga king'ora. Mwili unamwaga homoni kwenye damu. Ile ya kwanza inaitwa adrenalini. Moyo unakimbia, mdomo unakauka, mikono inatetemeka. Ni mwili unajiandaa kukimbia simba. Tatizo simba hayupo, wapo majirani."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele yake.

"Sasa sikiliza la ngamia," alisema, naye alikuwa amechangamka kama mtu anayesimulia mpira. "Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo, kama punje ya kunde. Mama anapozaa, pale mtoto anapopita panatanuka, habari inapanda mpaka kwenye ubongo, na kitezi kile kinamwaga homoni nyingine. Oksitosini. Hiyo ndiyo inayoshusha maziwa. Na humo humo ndani ya ubongo inafanya kazi ya pili: inamfungua mama ampokee mtoto aliye mbele yake. Kile kitambaa mnachomziba nyuma, mkikiachia, ubongo unaambiwa amezaa. Chuoni tulifundishwa kwamba kondoo nao hufanyiwa jambo la namna hiyo. Lakini sikuwahi kuliona kwa macho yangu, tena kwa ngamia."

"Kwa hiyo wazee wetu walikuwa wanaiita hiyo homoni?"

"Walikuwa wanabisha hodi kwenye mlango wake. Na mlango ukifunguka, si kila mtu anaingia. Ngamia anaangalia harufu, sauti, mazoea. Homoni hiyo hiyo inayomfanya ampende wake inaweza kumfanya amfukuze asiye wake. Ndiyo maana teke lilikuwa kali vile. Mlango ulikuwa wazi, akaingia mgeni ananukia udi."

Nilikaa nikifikiri. Maisha yangu yote nimeiona kazi ile, na baba yangu ameifanya, na babu yangu. Hakuna hata siku moja niliyodhani kwamba inafika mpaka ndani ya ubongo. Nilijisikia kama mtu aliyekulia kwenye nyumba, halafu siku moja mgeni akamwonyesha jinsi nguzo zake zilivyosimikwa vizuri.

"Na binadamu?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka bila kukwama, sikujua kwa nini.

"Binadamu vilevile, ila sisi tuna mambo mengi zaidi. Mama akinyonyesha, inamwagika. Baba akimbeba mtoto kifuani, kwake pia. Watu wakiimba pamoja, wakiitikiana, miili yao inatulia. Lakini woga ukizidi, adrenalini inaizuia. Hata ng'ombe wa bara akitishwa wakati wa kukamuliwa, anafunga maziwa. Leo wewe ulikuwa umefunga, na ngamia amefunga. Mlikuwa mnaogopeshana." Akamwaga mashapo ya chai. "Mimi mwenyewe nina binti mdogo nyumbani. Nimembeba likizo moja tu. Mama yake akimwekea simu sikioni asikie sauti yangu, analia. Hiyo elimu yote ninayo, na mtoto wangu ananiona mgeni."

Nikasema, "Usijipake manukato ukienda."

Alicheka kwa sauti kubwa mpaka mama akachungulia.

Jioni ile mama aliizika ile ngozi kwenye samadi pale ambapo mwekundu hulala, ili unsi utoke na harufu ya mwekundu mwenyewe iingie. Ndama naye, mama alimsugua kwa mchanga wa zizi na kwa mkojo wa mwekundu. Kwangu mimi alileta shati kuukuu la kuchungia, ambalo halijawahi kuonja ubani. Ndama aliendelea kunywa maji ya chumvi ya daktari, lakini kichwa chake kilikuwa kimeanza kuwa kizito, akikiinua kinarudi chini. Sote tuliona kwamba hatutapata nafasi ya tatu.

Jumamosi, jua lilipoanza kulegea, tuliingia tena zizini. Watu walikuwa wengi zaidi ya jana. Habari ya bibi harusi ilikuwa imefika hadi madukani, na waliokosa ya kwanza walikuja kuona ya pili. Mwekundu alikuwa amelala amefungwa, macho yametoka, masikio yanacheza huku na huku. Daktari alinisogelea akaninong'oneza, "Nikuondolee watu? Nitawaambia ni amri ya daktari."

Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini niliwatazama walioshika kamba: mama, binamu, jirani na mkewe. Hao hawawezi kuondoka. Na wimbo ule unaitikiwa. Bila waitikiaji ni nusu ya wimbo. Nikafikiri alivyosema daktari kuhusu kuimba pamoja. Nikafikiri pia kwamba mwekundu haogopi watu walioketi; anaogopa watu wanaosimama na kucheka.

Nikageuka nikasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia mbele ya mtu yeyote, "Kaeni chini nyote. Nikiimba, muitikie."

Kisha binamu akasema polepole, kama mtu aliyeona ajabu, "Redio imeshika." Akakaa. Wote wakakaa.

Niliegemeza paji la uso kwenye shingo ya mwekundu kama ninavyofanya alfajiri. Nilihisi damu yake ikipiga. Nikaanza chini chini, kwa Kisomali:

"Wewe uliyetembea kiu ukarudi na maziwa,
mtoto wako amesimama, miguu haijui njia,
mgeukie, mgeukie."

Nikasikia watu nyuma yangu: "Mgeukie, mgeukie." Waliitikia kwa umoja, kwa sauti nzito, za wanaume na wanawake, hata watoto. Sauti ile ilinipita mgongoni ikanishika kama mkono. Moyo wangu ulikuwa bado unakimbia, nakumbuka vizuri, lakini haukuwa ukinikimbiza popote. Ulikuwa unakwenda na wimbo. Nikapandisha sauti. Nikaimba kuhusu kisima, kuhusu bibi alivyokuja na ngamia mmoja akaacha zizi zima, kuhusu mweupe aliyelala chini ya mchanga na mtoto wake hana pa kulia. Maneno mengine sikuwa nimeyapanga. Shingo ya mwekundu ikaanza kulegea chini ya paji langu.

"Sasa," mama alisema.

Vifungo vikaachiwa, nyuma na puani. Mwekundu alitikisika mwili mzima. Akatoa sauti ndefu, ile ya ngamia aliyemaliza uchungu. Binamu alimsukuma mbele ndama, ambaye alikuwa amevaa ile ngozi kama koti la mtu mkubwa. Mimi sikuacha kuimba. Mwekundu akanusa kichwa. Akanusa mgongo. Akarudia mgongo. Alifika mkiani, akakaa hapo muda mrefu.

Halafu alimlamba.

Alimlamba mara moja, akasita, kisha akaendelea kwa nguvu, ulimi mkubwa ukimsukuma ndama mpaka akawa anayumba. Alikuwa anatoa mngurumo mdogo ndani ya koo, ule ambao ngamia humpa mtoto wake tu. Mama alifungua kamba ya mguu. Mwekundu akasimama, ndama akajikokota chini yake, akapiga kiwele kwa pua, akapata chuchu. Povu jeupe likatokea pembeni mwa mdomo wake. Na zile chuchu nyingine, ambazo hazikuguswa na mtu, zikaanza kudondosha maziwa zenyewe juu ya mchanga.

Daktari alinishika bega. "Angalia," alisema. "Angalia jinsi inavyomwagika." Macho yake yalikuwa na maji, na mimi nikafanya kama sijaona.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama alinijia, akaniwekea kiganja kichwani mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipoota ndevu. Alisema, "Hoyo." Basi.

Majuma yaliyofuata ndama alinenepa, tukamvua ile ngozi na mwekundu hakujali tena. Daktari alikwenda likizo. Aliporudi alipitia kwetu kabla hata ya kufika ofisini kwake, na nikamuuliza kuhusu binti yake, mimi ndiye niliyeanza. Alisema mwanzoni alilia kila alipomgusa. Basi akaacha kumlazimisha. Alivua shati, akawa anakaa naye kifuani wakati wa usingizi wa mchana, akimwimbia wimbo mmoja tu, huo huo kila siku. Siku ya kuondoka, mtoto alimshika sikio hakutaka kuliachia.

"Wimbo gani?" niliuliza.

"Sijui Kisomali," alisema. "Nilikuwa naimba 'mgeukie, mgeukie' kwa maneno yenu, nilivyoyashika zizini. Mke wangu alidhani nimeleta uchawi."

Baba alirudi kwa basi, amekonda, anatembea kwa fimbo, amekatazwa kuinua kitu. Watu wa karibu wote walikuja kumpa pole, wakajaa uani. Wale wanaume waliokuwa malishoni walikuwa wamerudi pia, mvua ikiwa imegusa. Baba alisalimia kila mtu, kisha, kabla hata ya kukaa, akaomba chombo cha kukamulia. Mama alimkataza. Baba akasema chombo kitupu si mzigo.

Akaenda kwa mwekundu, akaegemea fimbo badala ya kusimama kwa mguu mmoja, akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nzuri, ndiyo niliyojifunzia. Mwekundu alimtazama. Ndama alinyonya kidogo kuamsha maziwa, baba akamsogeza, akavuta chuchu. Hakikutoka kitu. Akaimba tena. Mwekundu akahamisha mguu, akafunga kabisa.

Kwetu si jambo dogo ngamia kumkatalia mwenye mali mbele ya wageni. Niliangalia chini, nikaona aibu kwa ajili yake.

Lakini baba aligeuka akiwa anacheka, anashika tumbo kwa sababu kidonda bado kilikuwa kinamuuma akicheka.

"Mmeona?" aliwaambia. "Mimi nimeenda kushonwa tumbo, nimerudi nakuta huyu ana mtu wake." Akaninyooshea chombo, mkono ukiwa umenyooka juu ya vichwa vya watu waliokaa. "Abo. Njoo uwakamulie wageni wangu."

Nilipita katikati yao. Mdomo ulikuwa umekauka na moyo ulikuwa umeanza mbio zake. Sidhani kama utaacha, na sasa siuoni kuwa adui. Nilisimama kwa mguu mmoja, nikaweka chombo pajani. Baba alimshika ndama shingoni, ndama wa ukoo uliokuja na mama yake, bibi yangu, na kabla sijatoa neno la kwanza nikamsikia akisafisha koo, akijiandaa kuniitikia.